Ulizia kwanza: namna ya kuandaa pendekezo kabla ya kulipeleka kwa watunzaji wa programu huria

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa na mistari minne. Nililiandika kwa simu, barazani Kikwajuni, Unguja, baada ya sala ya isha, na usiku uleule nikalipeleka kwa watunzaji wa programu moja huria ya kalenda, yaani ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha ndani yake. Lilisema hivi:

"Programu yenu haionyeshi saa za Kiswahili. Kiswahili kina wasemaji mamilioni. Tafadhali wekeni. Ni jambo dogo tu."

Asubuhi nikakuta jibu la mstari mmoja kutoka kwa mtunzaji mmoja: jambo hili limeshajadiliwa, tazama hapa, tiketi (yaani ombi langu) imefungwa. Niliumia. Nikaona lugha yetu imedharauliwa, na wiki nzima sikuigusa programu ile. Nilipotulia nikafungua kiungo alichoniachia yule bwana. Nikakuta mjadala mrefu, wa miaka, wa watu wanaoomba kitu kilekile nilichokiomba mimi, ila Kiswahili hawakukitaja hata mara moja. Walikuwa Waethiopia. Nao huhesabu saa tangu kupambazuka, kama sisi. Nililodhani ni langu peke yangu lilikuwa limesemwa zamani, tena kwa ufasaha kuliko nilivyolisema mimi. Na ndani ya mjadala ule kulikuwa na maswali matatu magumu ambayo hakuna aliyeyajibu. Hayo ndiyo yaliyolikwamisha jambo.

Yule bwana hakunidharau. Mimi ndiye niliyemtaka anifanyie kazi iliyokuwa yangu.

Kwetu huku hakuna mzee anayepeleka barua ya posa kabla hajaulizia. Anauliza nyumba ile ni ya nani, wana desturi gani, nani aliwahi kuposa akakataliwa na kwa sababu gani. Mshenga anapobisha hodi anajua anaingia wapi. Pendekezo la programu nalo linataka kuuliziwa hivyo hivyo. Yafuatayo ni mambo ninayopitia na vijana ninaokaa nao jioni, na mfano nitakaoutumia ni huohuo wa saa za Kiswahili, kwa kuwa naujua nje ndani.

1. Lione tatizo kwa macho yako

Pendekezo langu la mistari minne lilikuwa na kasoro moja kubwa kabla ya nyingine zote: halikuwa na mtu ndani yake. Mtu nilikuja kumpata baadaye, Jambiani, kwa akinamama wa mwani.

Mradi mmoja uliokuwa ukiwafundisha kukausha na kusaga mwani uliwatumia kwenye simu kikumbusho cha kikao: Jumatano, 3:00 PM. Programu iliyotuma ujumbe ilifanya kazi yake sawasawa. Akinamama wakaja saa tatu, asubuhi, wamevaa vizuri, wakakaa chini ya mkungu kusubiri. Mwalimu alikuwa amekusudia saa tisa alasiri. Na siku ile ilikuwa ya bamvua, maji yanakupwa mbali mnamo saa nne asubuhi. Anayelima mwani anajua siku hizo ni chache kwa mwezi, na saa zenyewe za kuwa shambani baharini ni chache zaidi. Wakaikosa kupwa ile.

Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, simu imesema saa tatu, nasi tumekuja saa tatu. Sasa kosa letu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa daftari nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, nikaandika na ujumbe ulivyosomeka herufi kwa herufi, siku, saa na hali ya maji. Fanya hivyo nawe. Kabla hujafikiria kipengele kipya, andika: nani alikuwa akifanya nini, programu ilimwonyesha nini hasa, yeye alielewa nini, na alipoteza nini. Ikiwa huwezi kuyajaza hayo manne, bado huna pendekezo. Una tamanio, na tamanio si vibaya, ila halijafika wakati wa kupelekwa kwa watu.

Na usitaje dawa katika hatua hii. Ukianza na "wekeni kitufe hiki", utabaki kukitetea kitufe hata pale utakapogundua kuwa kitufe si dawa.

2. Watafute waliokutangulia, hata kama wana jina jingine

Kutafuta si kuandika neno moja kwenye kisanduku, kuona hakuna kitu, ukafunga. Mimi nilitafuta "Kiswahili" nikapata patupu, nikadhani ni wa kwanza. Laiti ningetafuta "Ethiopia".

Kwa hiyo jiulize: ni nani mwengine duniani mwenye shida kama yangu, naye anaiitaje? Anayetaka programu ihesabu karafuu kwa pishi atafute mazungumzo ya watu wenye vipimo vyao vya kienyeji popote pale. Anayetaka tarehe za Kiislamu kwenye kalenda atafute majina yote ambayo kalenda hiyo huitwa na watu wa Indonesia, wa Saudi Arabia na wa Uturuki. Tafuta kwa jina la kwenu, kwa jina la wengine, kwa jina la kiufundi, na mwisho kwa dalili, yaani maneno ambayo mtu aliyechanganyikiwa angeyaandika bila kujua jina la shida yake.

Tafuta pia mahali palipofungwa. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi huria, ukifungua orodha ya tiketi za mradi unaonyeshwa zilizo wazi tu. Lazima uondoe kichujio ili uzione zilizofungwa. Wengi hawafanyi hivyo, na huko ndiko kuliko kumbukumbu ya jumuiya. Soma mpaka mwisho wa kila mjadala, hata ukichosha, kwa sababu sababu ya kweli ya kukataliwa mara nyingi haipo kwenye jibu la kwanza.

Unaposoma, tofautisha aina za "hapana". Kuna hapana ya kusema jambo hili haliendani na mradi wetu. Kuna ya kusema si sasa. Kuna ya kusema hapa sipo mahali pake. Na kuna ya kusema hatuna mtu wa kulifanya. Hiyo ya mwisho ni mlango ulio wazi, na watu huupita kila siku wakidhani wamefungiwa. Katika mjadala ule wa Waethiopia nilikuta mtunzaji ameandika kwamba angepokea kazi kama mtu angeonyesha namna ya kushughulikia mpaka wa siku, yaani siku mpya inaanza saa ngapi. Maneno hayo yalikaa hapo miaka bila ya mtu kuyajibu.

Jambo jengine: usiingie ukidhani kuwa hakuna Mswahili aliyewahi kupita njia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Watu wale walikaa wakabishana juu ya istilahi moja moja. Ukifanya kazi ya tafsiri bila ya kuangalia walichokiamua wenzako, utaitafsiri upya dunia nzima, na mtumiaji atabaki na maneno matatu kwa kitu kimoja. Kamusi nazo zipo, pamoja na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Zifungue.

3. Jua jambo ni la nani

La sheha hulipeleki kwa mkuu wa wilaya, na la wilaya humchoshi nalo sheha. Programu unayoiona kwenye skrini imejengwa juu ya nyingine, nayo juu ya nyingine, na kila tabaka lina wenyewe.

Kwa mfano wangu, nilidhani majina ya siku na miezi ya Kiswahili yaliandikwa na watu wa ile kalenda. La. Yanatoka kwenye CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode Consortium, shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta, na simu na kompyuta nyingi zinachota humo. Humo mna Januari na Februari, mna Jumamosi, mna alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Ukikuta kosa katika maneno hayo, pa kulisahihisha ni huko, nalo likisahihishwa huko litasahihika katika programu nyingi kwa mpigo mmoja.

Lakini saa zenyewe? Mifumo hii huandika saa kwa herufi. H kubwa ni 0 mpaka 23, h ndogo ni 1 mpaka 12, K kubwa ni 0 mpaka 11, k ndogo ni 1 mpaka 24. Zote nne zinaanza hesabu usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna herufi inayoanza alfajiri. Nilipoliona hilo ndipo nilipofahamu kwa nini jambo langu halikuwa "dogo tu": si kwamba mtu alisahau kutafsiri neno, ni kwamba chombo chenyewe hakina pa kuiweka saa yetu.

Kisha kuna kanuni za kila jumuiya, nazo zimeandikwa. Kijana mmoja wa kwetu, mwenye bidii sana, alitaka kupendekeza Zanzibar iongezwe kwenye hifadhidata ya majira ya saa ya dunia, ile inayoendeshwa chini ya IANA, shirika linaloratibu majina na namba za mtandao, na inayotumiwa karibu na kila kompyuta. Hoja yake ilikuwa heshima: kwa nini Dar es Salaam imo na sisi hatumo? Nikamwambia, mdogo wangu, soma kwanza kanuni yao. Akasoma. Kanuni inasema sehemu ambazo saa zao zimekwenda sawa tangu 1970 zinahesabiwa kuwa eneo moja. Hata Dar es Salaam yenyewe ni jina linaloelekeza kwa Nairobi. Saa ishirini za maandalizi zikaokolewa na ukurasa mmoja wa kanuni, na kijana akahamishia bidii yake kwenye jambo lenye njia.

4. Livunje wazo lako mwenyewe kabla hawajalivunja wao

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Mimi nilikaa wiki sita.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua saa ya kimataifa, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Baki ikiwa 0, andika 12. Saa 9 inakuwa 15, baki 3: saa tatu. Saa 18 inakuwa 24, baki 0: saa kumi na mbili. Saa 0 inakuwa saa sita. Mtoto wa skuli anaiweza. Kama ningeishia hapo ningerudi na pendekezo la mistari mitano badala ya minne.

Nikaanza kutafuta watu ambao wameshajitengenezea dawa zao, kwa sababu mtu mwenye shida hasubiri watunzaji. Nikamkuta mzee mmoja muuza samaki Malindi, hapa Unguja, ambaye simu yake inaonyesha saa za Kiswahili barabara. Nikamuuliza, "Mzee, umefanyaje?" Akanionyesha: mjukuu wake alimwekea majira ya Buenos Aires. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo nchi zote hupimia zao, Buenos Aires iko saa tatu nyuma yake. Tofauti ni sita kamili. Kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni 3:00. Kazi imekwisha.

Haijakwisha. Nilikaa naye na daftari. Buenos Aires inabadilisha tarehe usiku wake wa manane, na hiyo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo mzee akiamka alfajiri ya Jumanne kwenda mnadani, simu yake bado inasema Jumatatu. Nikajaribu upande wa pili: Tokyo, iliyo saa tisa mbele ya UTC. Nayo tofauti yake na sisi ni sita, na kwenye saa ya duara mishale inakaa palepale. Lakini Tokyo inaingia siku mpya kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni, magharibi. Nikashusha kalamu. Maana hivyo ndivyo wazee wetu wanavyoihesabu siku: jua likizama Alhamisi, usiku wa Ijumaa umeingia. Akisema mtu "usiku wa Ijumaa", kijana wa leo anafahamu usiku baada ya Ijumaa, na bibi yake anafahamu usiku wa kuamkia Ijumaa. Wote wawili wanatumia kalenda hiyohiyo.

Hilo ndilo lilikuwa swali la mpaka wa siku ambalo mtunzaji aliuliza miaka nyuma. Simu ya mzee wa Malindi ilinipa namna ya kulionyesha kwa mtu ambaye hajawahi kufika Unguja: siku inaweza kuanza usiku wa manane, alfajiri au magharibi, na kila chaguo lina watu wake.

Basi nikaandika orodha ya mahali pa kuvunjika. Mtu akiandika 3:00 kwa mkono wake, programu ifahamu ipi? Kengele iliyowekwa kwa saa za Kiswahili ikihamia kwenye simu isiyozijua, italia saa ngapi? Mwaliko ukitoka Unguja kwenda London, utasomekaje? Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni zitatofautishwa kwa neno lipi, na neno hilo litatoka wapi? Kwa kila swali nilijaribu kwa mikono, kwenye nakala ya programu niliyoibadilisha mwenyewe, nikaandika kilichotokea.

Kazi hiyo ilinipunguzia pendekezo. Nilianza nikitaka "saa za Kiswahili kila mahali". Nilimaliza na kitu kidogo: mtumiaji akitaka, programu iongeze mstari wa pili chini ya saa ya kawaida, "saa tatu asubuhi", kwa maneno, bila ya kugusa namna saa inavyohifadhiwa ndani wala namna inavyoandikwa na mtumiaji. Tarehe ibadilike usiku wa manane kama zamani. Mengine yote nikayataja kuwa siyaombi sasa, na sababu zake.

Wengi huona uchungu kupunguza. Mimi nasema pendekezo dogo lililojaribiwa linaweza kukubaliwa na mtu mmoja jioni moja. Pendekezo kubwa linataka kikao.

5. Ushahidi

Leta ule unaohusu uamuzi, uache unaojaza ukurasa. Kweli UNESCO inasema Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200, lakini namba hiyo haimwambii mtunzaji ni nini kinachoharibika. Ujumbe wa Jambiani, ulionukuliwa kama ulivyo, unamwambia.

Na unapoeleza hali ya kwetu, eleza kwa mtu asiyeijua. Binti mmoja katika kundi letu alitaka programu ya duka ihifadhi mauzo hata mtandao ukikatika, akaandika "huku umeme ni shida". Sentensi hiyo haina uzito kwa msomaji aliyeko mbali. Kila mtu huona umeme wake ni shida. Nikamwambia aeleze kwamba umeme wa Unguja huja kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka bara, na kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, kisiwa kilikaa bila umeme huo, watu wakafanya biashara kwa jenereta na daftari. Kisha aeleze duka la mjomba wake leo: mtandao ukikatika katikati ya mauzo, programu inaonyesha nini na inapoteza nini. Msomaji akishaliona duka, hahitaji kuambiwa kuwa ni shida.

Picha ya skrini nayo ni ushahidi, ila ifute namba za simu na majina ya watu kwanza. Hao waliokuamini na simu zao hawakukupa ruhusa ya kuwatangaza.

6. Liandike

Usibuni muundo wako. Jumuiya kubwa zina miundo iliyozaliwa na uzoefu, na hata kama mradi wako ni mdogo unaweza kuazima. Wa Python, lugha ya kuandikia programu, wana waraka wa mwaka 2000, PEP 1, unaoeleza pendekezo liwe na nini: muhtasari, sababu, maelezo kamili ya kinachobadilika, athari kwa waliokwishaitumia, na sehemu ya mawazo yaliyokataliwa. Wa Rust, lugha nyingine ya aina hiyo, wanakutaka ueleze pia hasara za pendekezo lako mwenyewe, mifano iliyotangulia kwengineko, na maswali ambayo bado hayana jibu.

Sehemu ya mawazo yaliyokataliwa ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo watu wetu huiruka. Humo niliandika Buenos Aires na Tokyo, kwa nini kila moja inavunjika. Msomaji akifika hapo anajua hana haja ya kukupa wazo hilo. Umempunguzia kazi, naye anakuamini zaidi katika mengine.

Andika kwanza kwa Kiswahili. Nasema hivi hata kwa vijana wanaokijua Kiingereza sana. Wazo likiandikwa kwa lugha unayoiota, pale lilipo na tundu utaliona. Kwa lugha ya kuazima tundu huzibwa na maneno makubwa. Likishasimama, liandike upya kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Salamu iwe moja. Sisi tumelelewa kubisha hodi na kuulizana hali za watoto kabla ya kusema kilichotuleta, na ni uungwana. Lakini msomaji huyu ana mapendekezo thelathini mbele yake, na uungwana kwake ni kumwambia mapema.

Mwanzo wa pendekezo langu la pili, kwa Kiswahili, ulikuwa hivi:

"Wasemaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri: 9:00 huitwa saa tatu asubuhi. Kikumbusho cha 3:00 PM kiliwafanya watu wafike saa sita kabla ya wakati. Naomba mstari wa hiari unaoandika saa hiyo kwa maneno chini ya saa ya kawaida. Uhifadhi wa data haubadiliki. Jambo hili lilijadiliwa kabla kwa saa za Ethiopia. Maswali matatu yaliyobaki wazi pale nimeyajibu hapa chini. Msimbo wa majaribio nimeuambatanisha, nami nitautunza."

Hakuna "ni jambo dogo". Hilo ni la mtunzaji kusema.

7. Msomee mtu asiyehusika

Mimi nilimsomea shangazi yangu, fundi cherehani, asiyejua programu ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Sawa, mwanangu. Wakikubali, nani atashona?"

Sikuwa nimeliandika hilo. Sentensi ya mwisho ya mwanzo ule, "nami nitautunza", niliiongeza kwa sababu yake. Watunzaji wengi wanafanya kazi hii usiku, baada ya ajira zao, bila malipo. Wanapoliona wazo zuri lisilo na mshonaji, wanaona mzigo. Ikiwa msimbo huuwezi, sema unachokiweza: kujaribu kila toleo, kuandika maelezo, kukusanya makosa kutoka kwa watumiaji. Ahadi ndogo ya kweli inatosha.

8. Lipeleke, kisha kaa nalo

Lipeleke siku ambayo kesho yake una nafasi. Usilipeleke ukawa njiani kwenda Pemba kwa boti. Maswali ya kwanza huja ndani ya siku mbili tatu, na anayejibiwa vizuri mapema hubaki nawe.

Pakiwa kimya, kaa kimya wiki moja au mbili, kisha ukumbushe mara moja kwa jambo jipya, si kwa "vipi jamani". Watu watano wakiuliza swali moja, usiwajibu watano. Rekebisha waraka, kisha uwaambie kuwa umerekebisha. Akikukosoa mtu kwa ukali, jibu sehemu yenye hoja. Mwaka 2018 mjadala juu ya PEP 572, pendekezo la alama moja tu katika Python, ulikuwa mzito kiasi kwamba baada ya kulipitisha, Guido van Rossum, muasisi wa lugha yenyewe, alijiuzulu uongozi. Alama moja. Nikumbukapo hilo hupunguza sauti yangu, maana upande wa pili kuna mtu anayechoka.

Langu la pili lilichukua miezi na likakubaliwa nusu: mstari wa maneno uliingia kwenye kalenda, ila kwenye kengele ukakataliwa kwa sababu niliyoiona ni ya haki. Kabla ya kuifunga tiketi niliandika muhtasari wa kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu zake, na ndani yake nikayaweka majina yote: saa za Kiswahili, saa za Ethiopia, saa za alfajiri, tofauti ya saa sita. Kisha nikarudi kwenye ule mjadala wa zamani wa Waethiopia, nikawaachia kiungo na namna ya kuuongeza mstari huo kwa Kiamhari.